Lugha ya Nchi Tusiyofika

Harufu ya kwanza ya Ufini niliyoivuta puani ilitoka kwenye kipande cha sabuni nyeusi. Mwalimu Solange alikitoa ndani ya kitambaa, akakipitisha mkono hadi mkono, nasi tukakinusa kwa zamu. Kilinuka moshi wa kuni uliolala kwenye nguo, na chini ya moshi huo kulikuwa na kitu kama lami mbichi. "Kule banatengeneza sabuni na utomvu wa miti," alituambia. "Mukishuka mu ndege, mutakuwa munajua tayari harufu moja." Tulikuwa familia sita ndani ya ukumbi wa mabati pale Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, penye ofisi, zahanati na soko. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na vumbi jekundu liliingia kwa chini ya mlango. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tumeishi Nakivale miaka sita tangu tulipoikimbia Kivu, na wiki chache kabla ya siku ile baba alikuwa ameitwa ofisini na kuambiwa kwamba sisi watano, yeye, mama, mimi na wadogo zangu wawili, tumekubaliwa kuhamia Ufini.

Mwalimu Solange alikuwa Mkongomani kama sisi. Alikimbia akiwa msichana, akaishi Ufini zaidi ya nusu ya maisha yake, na sasa alikuwa amerudi kwa siku tano tu ili atufundishe. Alifundisha kwa mwili mzima. Alituonyesha namna ya kuvua viatu mlangoni, na namna ya kusubiri basi ukiacha kati yako na mwenzako nafasi ya kupita ng'ombe. Alisema kule watu wanaweza kukaa kimya safari nzima bila mtu kumkasirikia mtu. Alituambia pia kwamba kila mtu anaruhusiwa kuingia msituni na kuchuma matunda madogo ya porini, hata kama msitu si wake. Mama alimrudisha hapo mara mbili, kwa sababu kwetu kwenda kutafuta kuni mbali kulileta ugomvi na wenyeji. Mwalimu alipoeleza kuhusu chumba cha mvuke ambamo watu hukaa uchi na kutoka jasho, kisha wakakimbilia ziwani, wanaume walicheka mpaka wakapanguza macho, na mzee mmoja akauliza kama wachungaji wa kanisa nao huingia.

Siku ya tatu ilikuwa ya historia. Alichora ramani ubaoni, akatueleza kwamba Wafini walitawaliwa na Waswidi kwa karne nyingi, kisha na mfalme wa Urusi, na walipojitawala tu wakageukiana, ndugu kwa ndugu, wakauana. Baadaye vikaja vita na jirani yao mkubwa. Watu wa upande wa mashariki waliacha nyumba zao, wakaswaga ng'ombe kwenye theluji, wakaenda kuanza upya kwenye vijiji vya watu wengine. Watoto wengi walivalishwa shingoni vikaratasi vyenye majina yao, wakapakiwa kwenye garimoshi na meli kwenda Uswidi mpaka vita vitakapokwisha. Baba, ambaye kwa siku tatu hakuwa amefungua mdomo, aliinua mkono.

"Kwa hiyo na bo balikuwa bakimbizi?"

"Ndiyo, papa," alijibu mwalimu. "Jirani yangu kule ni muzee mwanamuke. Alikimbia akiwa mutoto. Mpaka leo analilia shamba yabo."

Nadhani baba alihamia Ufini saa ileile, hata kabla hatujapewa tarehe ya safari. Mwalimu alipoondoka alituachia kijitabu cha Kifini, na baba akawa anakibeba shambani, akikiweka juu ya jiwe mwisho wa tuta la maharage ili kila akifika pale asome neno moja, kisha arudi akilirudiarudia hadi upande wa pili. Jioni tulifundishana. Tuligundua kwamba Mfini, kama sisi, hatofautishi mwanamume na mwanamke anaposema "yeye". Wote ni *hän*. Tuligundua kwamba maneno yao mengi huishia na irabu, na kwamba kama sisi tunavyolibadili neno "nyumba" kwa kuongeza mkia ili iwe "nyumbani", nao wana mikia yao. Neno lao la "njoo" ni *tule*. Hilo liliwafurahisha sana wadogo zangu: walipoitwa kwa Kifini waende kuoga, walikimbilia sufuria. Asubuhi, ukungu ukitanda juu ya Ziwa Nakivale, mimi niliona barafu. Vichwa vya viboko vilikuwa mawe. Nilisimama na dumu langu la maji na kutembea juu ya barafu ile kwa mawazo, polepole, nikiwa nimevaa viatu ambavyo sikuwahi kuviona, mpaka mtu nyuma yangu aniambie nisogee.

Kisha tukapelekwa Mbarara mjini kwa vipimo vya safari. Wenzangu wote walipita. Mimi nilipigwa picha ya kifua mara mbili, na daktari akamwonyesha baba kivuli kidogo, cha ukubwa wa punje ya harage, juu kwenye pafu la kulia. Ilikuwa kifua kikuu. Kumbe homa na kikohozi vilivyonijia kila jioni, ambavyo mama alidhani vinaletwa na vumbi, vilikuwa na jina. Ningemeza dawa miezi sita, na kabla ya kuimaliza nisingeweza kupanda ndege. Miezi miwili ya kwanza nililazwa. Mama alibaki nami, na baba akarudi Nakivale na wadogo zangu.

Ninaikumbuka wodi ile kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoota mchana. Dawa ziligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa. Rangi nyeupe ya dari ilikuwa ikibanduka vipande vipande, na homa ikipanda niliviona vikianguka bila kufika chini. Kitanda cha pili alilala Mama Derrick, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya palepale Mbarara, mwanamke mrefu aliyekonda ambaye Kiswahili chake alikiokota kambini. Siku ya kwanza aliniona na kijitabu alichoniachia baba, akaniuliza, "Wewe mutoto wa Congo, hiyo kitabu inasema nini?" Nikamsomea. Tangu hapo, kila alasiri tukishameza dawa, alijiegemeza ukutani akadai somo. Nilimfundisha kushukuru, *kiitos*. Nilimsimulia vita, na watoto wenye vikaratasi shingoni, akaniambia kwamba hata mume wake alikuwa vitani nje ya nchi. Nilipofika kwenye jua lisilotua alinikatiza.

"Sasa huko jua inakataa kulala?"

"Inakataa, mama. Katikati ya mwaka inabaki juu."

"Na kuku, zinalala saa ngapi?"

Sikujua. Niliandika swali hilo pembeni mwa ukurasa ili siku moja nimuulize mtu wa kule.

Wiki ya tano baba alikuja, akiwa na mama mmoja Mganda, afisa wa shughuli za safari. Ilikuwa saa za mchana, nami sikuwa nimelala, ila nilikuwa nimefumba macho. Afisa alieleza kwamba familia nyingine tano zinaondoka baada ya wiki tatu. Baba angeweza kutangulia na wadogo zangu. Mama na mimi tungewafuata nikipona.

"Kufuata kwenyewe ni hakika ao ni matumaini?" baba aliuliza.

"Mzee, sitakudanganya," alisema yule mama. "Wengi wanafuata. Lakini siwezi kuapa."

Nilisikia kiti cha baba kikilia. "Bale batoto ba vikaratasi," alisema, "kuko bengine habakurudia kwa bazazi babo." Afisa hakuelewa, akangoja. "Andika, mama. Tutaenda bote ao tutabakia bote."

Mama aliushika mguu wangu juu ya shuka, akaubana. Mama Derrick aligeukia ukutani kama hakusikia. Nilitaka kuketi na kumwambia baba aende. Lakini niliendelea kufumba macho, kwa sababu nilimtaka abaki, na hilo ndilo jambo nililolibeba miaka yote iliyofuata.

Nilipona. Mama Derrick pia alipona. Alitoka kabla yangu, akaniaga kwa *kiitos* iliyosikika wodi nzima. Lakini cheti changu cha kupona kilipopatikana, nafasi za mwaka ule zilikuwa zimejaa. Mwaka uliofuata tuliambiwa tusubiri, na mwingine pia, mpaka ikaja barua fupi kwamba faili letu limefungwa. Hakuna aliyetukosea. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kuvuna maharage. Hakulitaja jambo lile tena, na maneno ya Kifini yakapukutika nyumbani mwetu moja baada ya jingine. Mimi peke yangu niliendelea kuyatunza, kama mtu anayepiga pasi nguo za safari iliyoahirishwa.

Leo mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya Mbarara. Wazazi wangu bado wanalima Nakivale. Watoto wa zile familia tano ni watu wazima; wananitumia kwenye simu picha za theluji iliyofika madirishani, na ujumbe wa sauti ambao Kiswahili chake kimeanza kukwaruza. Nikiwajibu kwa Kifini changu cha kijitabu wanakisifu kwa upole, kama mgeni anavyosifu chakula cha mwenyeji. Zamani nilizitazama picha zile huku nikihisi nimewaibia wadogo zangu kitu.

Mwaka jana baba alikuja kwangu kutibiwa jicho. Tulikaa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga, jicho lake la upande wangu limefunikwa bandeji, na kwa kuwa hakuweza kuniona vizuri, nikapata ujasiri.

"Papa, ulijuta?"

Nilijua atakataa, na nilikuwa nimejiandaa kutomwamini.

"Nilijuta mingi," alisema. "Ile inchi nilikuwa naitaka. Mpaka leo naiwaza." Alipapasa hewa, akaupata mkono wangu. "Lakini bakiniuliza tena kesho, nitajibu vile vile."

Kwa kuwa alikuwa amekubali la kwanza, niliweza kuliamini la pili. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba ya jirani kikatufikia miguuni. Kisha nikamwinua, nikamwingiza ndani, nikamtia dawa ya jicho.