Sikio la Kahawa

Mama alikuwa na kipandauso, na dawa aliyopewa na mtawa muuguzi wa zahanati ilimshinda kuliko sindano: kila siku baada ya chakula cha mchana alale saa nzima, gizani, bila kushika kitu chochote.

"Usipopumzika, mama, hicho kichwa kitakuangusha shambani," mtawa alimwambia mbele yangu. Mama aliitikia kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani Maguu, akachukua jembe.

Nilikasirika, lakini mama yangu hakasirikiwi kwa sauti. Nikarudi Mbinga mjini kwenye cherehani yangu na hasira zangu. Ilikuwa miaka ile biashara huria ilipoingia na marobota ya mitumba yakaanza kumwagwa sokoni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupunguza makoti ya akina mama wa Ulaya yawaenee akina mama wa Mbinga. Kila koti lilikuwa na sponji mbili mabegani, na wateja hawakuzitaka hata kuziona, hivyo nilikuwa na gunia zima la mabega ya wazungu.

Siku moja nikakuta kwenye mfuko wa koti kitambaa cheusi chenye vikombe viwili na mpira. Mafundi wote wa pale barazani tulikubaliana kwamba ni sidiria ya mtoto, tukawashangaa sana watoto wa huko. Yule mtawa, alipokuja kuchukua nguo zake, ndiye aliyetutoa ushamba. Alisema watu huko hujifunga hicho machoni ili walale mchana ndani ya ndege.

Nilikitazama kitambaa kile, nikaitazama nyumba yetu ya Maguu kichwani mwangu, ilivyopitisha mwanga kila mahali kati ya ukuta na bati. Mama angeweza kubebewa giza lake.

Nilichagua sponji mbili laini kuliko zote, nikazikata zisimbane kope, nikazifunika kwa kipande cha gauni la mahameli. Lakini macho hayakuwa shida peke yake. Mama alikuwa anasikia kila kitu: kuku, mlango wa jirani, jani likianguka. Aliwahi kuniambia kwamba mahali pekee alipowahi kulala mchana ni kwao Kihagara, kando ya ziwa, alipokuwa msichana, kabla hajaolewa huku milimani. Alikuwa akilinda usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani, mawimbi yakimwimbia mpaka akasinzia. Basi nikaamua kumletea ziwa.

Nilishuka na lori hadi pwani ya Nyasa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na redio kaseti kubwa ya kurekodia.

"Yaani umetoka kote huko juu kuja kuteka kelele?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Haya. Ndoo yako iko wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa, lakini alinibebea ile redio hadi kwenye maji, akawafukuza watoto waliokuwa wanaoga, akasimama kama askari mpaka kaseti ikajaa upande mmoja.

Nilinunua redio kaseti ndogo ya kuvaa kiunoni. Nikavunja ule utepe wa chuma unaounganisha visikilizio vyake, nikashona vijifuko viwili kwenye kitambaa, usawa wa masikio, nikavitia humo. Waya niliupitisha ndani ya pindo. Nilijipongeza mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Ulikuwa msimu wa kuanika kahawa. Mama alilala, nikamvalisha, nikabonyeza. Uso ukalegea. Nikatoka nje kwa kunyata, nimejaa furaha.

Haikupita dakika tano.

"Mvua!"

Alitoka mbio, macho yamefungwa, akajigonga kwenye fremu ya mlango, redio inaburuzwa nyuma yake. Akapapasa mpaka kwenye kichanja, akaanza kuvuta nailoni kuifunika kahawa. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu. Mimi mjinga nilisahau kwamba aliyekaa milimani miaka thelathini na kahawa juani, akisikia maji, hasikii ziwa tena. Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Akakivua. "Umenifunga macho, umeniziba masikio, halafu unaniletea mvua. Kichwa hiki hakijakutosha?"

"Kahawa, kahawa kila siku! Lala, nitaiangalia mimi!"

"Wewe?"

Alisema hilo tu. Nilipokuwa na miaka kumi aliniachia kichanja, nikaenda kucheza rede, mvua ikapiga kahawa yote ikaota ukungu. Hakunichapa. Ila tangu siku ile hakuwahi kuniachia tena, na mimi nilikua, nikapata ufundi, nikaondoka, bila kuombwa kamwe kulinda kitu cha mama. Lile "wewe" liliniuma kuliko fimbo.

Nilikaa na wembe nikafumua kijifuko cha kushoto, nikatoa kisikilizio chake. Nikakipunguza kitambaa upande huo mpaka sikio likabaki wazi kabisa. Nilipomrudishia alikivaa kwa mashaka, akasikiliza kwanza huku, kisha huku.

"Hili la Kihagara," akasema akigusa la kulia. "Na hili la kahawa."

Nikahamishia cherehani yangu kwenye baraza lake msimu mzima, nikashona huku naangalia mawingu. Hakuniambia nibaki, wala hakuniambia niondoke. Alilala, lakini kwa kuvizia. Jogoo akiwika tu, aliinua kichwa.

Kisha mvua ikaja kweli, saa nane mchana, ghafla, matone makubwa. Niliacha koti la mteja likining'inia kwenye sindano, nikakimbia. Nikavuta nailoni, nikaikandamiza kwa mawe, nikainama chini ya kichanja nikapapasa wavu unaobeba kahawa kuona kama umepata maji. Ulikuwa mkavu. Nikarudi ndani nimelowa chapachapa, nikitegemea kugongana naye mlangoni.

Alikuwa amelala chali, kifunika macho kiko palepale, kaseti inazunguka. Nikaogopa. Nikamsogelea.

"Mama. Mvua imenyesha."

"Nimeisikia."

"Sasa mbona hukuamka?"

"Nikasikia na miguu yako."

Halafu akageuka, akalilalia lile sikio la kahawa.