Chakula cha Mchana kwa Mdaiwa

Dawa ya deni, wanasema, ni kulipa. Mtaani kwetu, mjini Azua, nyuma ya uwanja wa besiboli, dawa ilikuwa ubatizo.

Ukimsimamia mtoto wa mtu kwenye maji ya baraka, wewe na mzazi wake mnakuwa compadre na comadre, na compadre hadaiwi. Ni zaidi ya ndugu. Ndugu unaweza kumdai. Doña Eduviges, mwenye duka la kona, alikuwa na sauti ya parapanda na moyo wa siagi, na hakuwahi kumkataa mtoto wa mtu. Ndiyo maana mtaa wetu ulikuwa wa wacha Mungu kupita kiasi. Siku moja Nicasio, fundi rangi wa kazi za hapa na pale, alimwona anavuta pumzi ili amuulize habari ya mchele aliokopa. Akamuwahi.

"Doña, mke wangu kajifungua. Tumetazama huku na huku, hatuoni mwingine wa kumsimamia mtoto ila wewe."

Doña akaitoa ile pumzi bila neno ndani yake. "Wa kike au wa kiume?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa mama wa ubatizo wa karibu kila mtoto aliyelishwa kwa mchele wa mkopo.

Jumatatu moja likaja lori la bidhaa za jumla, na juu yake Polanco, mtu mpole wa kampuni isiyo na upole.

"Doña, mzigo uliopita nilikupa mali kauli. Bosi kachoka na kauli. Ijumaa usipolipa, lori litapita hapa likikupigia honi tu."

Duka bila lori ni rafu na vumbi. Don Fabio, mumewe, aliyependa kazi ya kaunta kwa kuwa ilikuwa na kiti, alitoa shauri.

"Wadai."

"Nimdai compadre? Nikifa nikajibu nini huko?"

"Utakufa njaa, Vige. Watakuhurumia, hawatakuuliza."

Doña akafikiri. Comadre hana haki ya kudai, lakini ana haki ya kutokea saa ya chakula bila kualikwa. Akaona atakwenda kula kwao mmoja mmoja, akae, atazame sahani, anyamaze. Aibu ifanye kazi yenyewe. Jumanne akavaa gauni la kanisani, akaanza na Nicasio.

Alipokewa kama askofu. Akawekewa wali, maharage, ndizi za kukaanga, na vipande vya salami vinene kama nyayo za viatu. Aibu haikuonekana popote. Doña akala, akasifu, kisha akaona kipande cha uzi mwekundu ukingoni mwa sinia. Uzi ule alikuwa ameufunga yeye kwenye salami zake asubuhi ile.

"Compadre, salami hii mmenunua wapi?"

"Kwako, comadre. Kwani utukute mezani patupu?"

"Fabio kakubali kuwakopesha?"

"Ulipoketi tu, mke wangu alikimbia dukani kumwambia ni ya chakula chako. Akatuongezea na mafuta."

Doña alitafuna polepole. Kwa mwendo ule, kufika Ijumaa angekuwa amekula duka zima, na wao wakamdai shukrani. Akatazama uani. Jogoo wa kupigana, jina lake Kanali, alikuwa amefungwa mguu kivulini, anang'aa kwa mahindi. Mahindi nayo yalitoka duka gani, msomaji anajua.

"Compadre, nimempenda jogoo wako. Nipe akae kwangu kidogo."

Nicasio akaweka kijiko chini. "Comadre, Jumapili anapigana."

"Mgeni tu, compadre. Au wewe hutaki nikae na cha kwako?"

Mtu akaribishaye chakula hawezi kumnyima comadre kuku. "Kwani... unanidai?" akauliza Nicasio.

"Mimi? Mungu apishe mbali! Compadre hadaiwi."

Doña akapita mtaa mzima mchana kweupe, Kanali kwapani, akisalimia mlango kwa mlango. "Comadre Yocasta, kesho nala kwako. Ile cherehani yako bado ipo? Compadre Quintín, Alhamisi. Baiskeli haijambo?"

Jumatano hakuna aliyesubiri saa ya chakula. Yocasta alifika duka halijafunguliwa, pesa zimefungwa kwenye leso. "Nimekumbuka tu, comadre. Na leo tunasafiri." Quintín alilipa bila kutoa sababu. Doña alipokea yote kwa uso wa mtu aliyevunjiwa ratiba.

Ijumaa lori likapiga honi, na bado fungu la Nicasio halikuwapo. Polanco alikuwa ameshatia gia alipotokea fundi rangi anakimbia, ametapakaa buluu hadi nyusi. Alikuwa amepaka ukuta mzima wa duka la dawa, kazi aliyoiahirisha tangu Kwaresima. Akahesabu peso mbele ya Polanco. Zikatosha. Magunia yakashushwa.

"Sasa jogoo wangu."

Doña akamtoa jikoni. Kanali alitembea hatua mbili, akaketi. Siku tatu nzima alikuwa amekula kama mgeni.

"Comadre, umemfanya nini? Huyu hata kuruka hawezi!"

"Nimemkirimu, compadre, kama mlivyonikirimu."

"Jumapili atauawa!"

"Usimpeleke, basi. Mlete hapa, njooni na watoto. Sufuria ninayo, na sitaiandika deni."

Nicasio akambeba jogoo kwa mikono miwili, kama mtoto wa kubatizwa, akaenda naye nyumbani kumfundisha kukimbia.