Matuta ya Maua Chini ya Waya

Chini ya waya kubwa za umeme, nyuma ya nyumba yetu hapa Kampemba, hakuna mutu anajenga. Bantu ya kuran, ya ile kampuni ya umeme, banakata kila muti wenye kurefuka. Bintu ya chini banaiacha, kwa hiyo kila mama wa avenyu yetu iko na kashamba pale. Miye ninapanda maboga. Nililea batoto na maboga, majani yake na matunda yake, sasa ninalea bajukulu, na avenyu nzima inaniita Kambo sawa vile bajukulu bananiita. Muangalie mafupa yao, mutaniambia.

Basi mwaka moja maboga ikanikataa. Ua inafunguka asubuhi, kaboga kanashika kama kidole gumba, kisha kanageuka njano, kanaanguka. Nikatia mavi ya kuku, nikamwaga maji: bure. Mukwe wangu, bibi ya mutoto wangu wa kwanza, kwao banafuga nyuki. Akaja, akaangalia, akacheka.

"Mama, udongo haina kosa, ni nyuki inakosekana. Nyuki itakuja hapa kutafuta nini? Mumekwangua fasi yote mpaka iko kama sahani."

Ilikuwa kweli. Kwetu sisi, fasi safi ni udongo mutupu wenye kufagiwa. Jani ikiota kwako, bantu banakusema.

Nilikuwa ninaenda Mokambo kuuza samaki ya kukauka. Kando ya barabara nikaokota mbegu ya maua ya pori: ile ya njano yenye kujaza pori mwisho wa mvua, na ile ya zambarau yenye shina nguvu. Nikamwaga namna upepo inamwaga, huku na kule, kuzunguka maboga. Ikaota muzuri sana. Nilikuwa na kiburi kama bibi-arusi.

Kisha ikafika salongo ya siku ya posho, Jumamosi yetu, wakati avenyu nzima inatoka na majembe kusafisha. Miye nilikuwa ku soko. Kurudi, ninakuta udongo mutupu. Shefu wa avenyu amejitegemeza juu ya jembe, jasho inamutoka, anatabasamu.

"Kambo, tumekusafishia! Nyoka ingekuuma mu majani ile."

"Nyoka ni weye! Majani ile nilipanda!"

"Ulipanda majani?" Bote bakafa na kicheko. "Kambo, mutu anapanda ku matuta. Hapa palikuwa pori."

Nilikasirika sana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Hapa kwetu hakuna mutu anatia jembe ku tuta ya mwenzake. Hata mwizi anang'oa na mikono.

Mvua ilipoanza tena, nikainua matuta kama ya viazi. Nikapanda maua mustari kwa mustari, nikafagia njia katikati mpaka ikang'aa.

Salongo ikarudi. Nikasimama pale, mikono kiunoni. Maua ilikuwa inafunguka, maboga nayo vilevile. Bakikata siku ile, mavuno ya mwaka imeenda. Majembe ikafika ku tuta ya kwanza, ikasimama. Shefu akazunguka pole pole.

"Kambo, hii njo mboga gani?"

"Haipikwi."

"Sasa inafaa nini?"

"Inama, uangalie."

Akainama. Nyuki moja ikatoka mu ua ya njano, ikapita karibu na pua yake, ikaingia mu ua ya boga mpaka mwisho, matako inje. Shefu akainuka. Kisha akageukia bamama:

"Muzunguke! Hii ni shamba ya mutu."

Mwaka ule maboga ilishika, ikavimba, ikalala chini ya waya kama nguruwe imeshiba. Shefu mwenyewe akakuja kuomba moja. Nikamuchagulia kubwa kushinda yote, nikamutwika kichwani.

"Kambo, nitume mutoto abebe?"

"Hapana. Ubebe mwenyewe."

Akabeba, akapita nayo avenyu nzima, na kila mama akatoka ku mulango kuona.