Bi Mwatum anaitaka picha yake ishuke

Maji yamekupwa Paje. Bi Mwatum Ame ameinama shambani kwake baharini, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na kanga imemganda mwilini. Mgeni mmoja anamjongelea, simu mkononi, tayari kumpiga picha.

Bi Mwatum anainuka. "I would rather you asked me first," anamwambia. Afadhali ungeniuliza kwanza.

Mgeni anashusha simu, anaomba radhi, anakwenda zake. Bi Mwatum hatabasamu. "Huyo mmoja," anasema. "Walionipiga kabla yake je?"

Picha moja anajua iliko. Imetundikwa mapokezi ya hoteli moja ya hapo hapo Paje, kubwa kama mlango: yeye, karowa chapachapa, nguo imemshika, kichwa wazi kwa kuwa upepo ulikuwa umechukua mtandio. Aliyeiona kwanza ni mkwewe, aliyekwenda pale kupeleka samaki. Tangu siku hiyo mkwe hamtazami usoni.

"Mkwe wangu!" anasema. "Umri wangu wote sijavuka mlango kichwa wazi. Leo natazamwa na wanywa kahawa." Kikombe kimoja cha kahawa ya hoteli hiyo, kilo yake nzima ya mwani mkavu hainunui.

Alikwenda kudai ishushwe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza ufukweni. "Me no like picture," alisema. Msimamizi akacheka, kisha akamwambia kwa Kiswahili safi kwamba mwenye kauli ni mwenye hoteli, naye hajui ila Kiingereza.

"Sasa yeye alishindwa nini kunifikishia?" anauliza Bi Mwatum. "Kucheka mbona hakushindwa?"

Ndipo akajiandikisha darasa la Kiingereza la jioni la Abdulrazak, kijana wa mtaani kwao. Siku ya kwanza somo lilikuwa namna ya kusema unachopendelea. Mfano ubaoni: napendelea chai kuliko kahawa.

"Mwalimu, nani kaniuliza habari ya chai?" Bi Mwatum alimkatiza. "Nisomeshe kusema nisichokitaka, nieleweke, wasinicheke."

Darasa zima liliangua kicheko. Abdulrazak akafuta ubao. "Haya, Bi Mwatum. Tuanze na lako. Ila tutie na tafadhali, ndiyo adabu."

"Tafadhali husema anayebisha hodi, mwanangu. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Mwenye hoteli anatarajiwa Ijumaa. Buibui la Bi Mwatum lishapigwa pasi. Anasema atasimama mbele yake, amwambie kwa Kiingereza kilichonyooka: afadhali uishushe.

Na akijibu kwamba yeye anapendelea ibaki?

Bi Mwatum anainama tena, anakaza fundo la mwani mpaka kamba inalia.

"Basi sitoki. Ntasimama pale pale chini ya picha, nimejistiri. Kila mgeni anayeingia anione, ajue yule wa juu hakuulizwa."