Ndoo ya Madume

Mwanangu, kila nikisikia mtu analaumiwa upesi, naikumbuka ile ndoo ya madume.

Nilikuwa msichana wa shule, nikikaa Waberi kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi, akageukia kilimo cha vitunguu kando ya mto Tana. Jirani akampa nyungunyungu wa kutengeneza mbolea. Sasa, mfugaji ni mfugaji tu. Akawachambua kama mbuzi: wenye mkanda mnene karibu na kichwa akasema ni majike, wasio nao madume. Akawatia ndoo mbili tofauti, mpaka achague dume mzuri wa kupandisha.

Majuma yakapita. Ndoo ya majike ikajaa vitoto vyembamba kama uzi. Ya madume, kimya.

"Nani ametia dume hapa?" akaniuliza. "Kikulacho ki nguoni mwako. Abti, kesho utarudi Eldas kuchunga mbuzi."

Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, hata kwenye hasira. Niliapa kwamba sikugusa kitu. Hakuniamini, na iliniuma sana, maana kurudi Eldas kwa wazazi wangu ni kuacha shule.

Asubuhi, begi likiwa mlangoni, nikamwomba tuifunue ndoo ya majike pamoja. Tukainua gunia bichi lililoifunika. Wawili walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, mmoja kaelekea huku, mwenzake kule, wameshikana kwa ute. Wote wana mkanda, yaani majike kwa hesabu yake. Pembeni mwingine alikuwa akirudi nyuma polepole, akijivua pete ya ute, hadi ikamtoka kichwani ikajifunga, ikawa kifuko cha mayai, kidogo, umbo la ndimu. Baadaye nilisoma shuleni kwamba kila nyungunyungu ni dume na ni jike pia: hupeana mbegu, kisha kila mmoja hutaga.

Tukafunua ndoo ya madume. Baadhi walikuwa wameanza kuota mkanda. Kumbe walikuwa watoto tu.

Abti akanigeukia. "Astaghfirullah," akasema. "Nimekuhukumu kwa sheria ya mbuzi." Akalibeba begi langu mwenyewe, akalirudisha ndani.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza. Nawe una watoto na wafanyakazi wanaokutegemea. Jambo likikushinda, funua gunia kwanza, ndipo uulize ni nani. Mungu akujalie macho yanayoutangulia ulimi, na nyumba ambayo hakuna mtoto atakayefungishwa begi bila kosa.