Kumfuata Mama Mdogo Kampala

Kabla sijaiona Kampala, niliisikia ikicheka. Kicheko kilitoka kwenye redio kaseti ya mama yangu, sebuleni kwetu Mwanza, alasiri moja ya jua kali. Kilikuwa kicheko cha watu wengi kwa pamoja, darasa zima lililoshindwa kujizuia. Katikati yake sauti ya mwanamke iliuliza, "Haya, mnaona nini?"

"Kitu nyeupe!" wakajibu.

"Nyeupe kama nini?"

"Kama maziwa ya jana!"

Kicheko kikafumuka upya, hata spika ikakwaruza.

Sauti ile ya mwanamke ni ya mama mdogo Salome, mdogo wake mama, daktari bingwa wa kusoma picha za eksirei. Alikwenda Uganda miaka michache baada ya vita vya 1986 kwisha, wakati hospitali za huko zilikuwa na wagonjwa wengi na walimu wa kuhesabika. Alisaini mkataba wa miaka miwili. Miwili ikazaa mingine miwili, na hiyo nayo ikazaa. Kwa kuwa hapendi kuandika barua, alikuwa akitutumia kaseti.

Mama aliizima redio. "Anacheka," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za ugonjwa. "Mtu anayecheka hivi harudi. Nenda ukamlete."

"Mimi?"

"Wewe si unaandika hadithi tu? Hadithi itakungoja. Mashine haingoji."

Mashine aliyoisema ilikuwa imefika hospitali ya kwetu miezi kadhaa kabla, mpya, bado inanuka rangi. Ilipiga picha nzuri ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma sawasawa, na wagonjwa walipanda treni hadi Dar es Salaam wakiwa wamekumbatia bahasha zao za kaki. Mganga mkuu alimwomba mama: mwambie mdogo wako aje aanzishe darasa hapa, kama lile la huko. Mama mdogo alikuwa ameahidi mara tatu katika kaseti tatu. Safari hii mama hakutaka ahadi, alimtaka mwenyewe.

Bukoba tuliifikia kwa meli, asubuhi, ziwa likiwa limetulia kama chai kikombeni na milima ikishuka kuja kutupokea. Kutoka hapo nilipanda pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa, nikakaa mbele karibu na mkewe, na barabara nyekundu ikatupaka poda sote bila ubaguzi. Migomba ilisimama pande zote mbili, majani yake yakipepea kwa adabu.

Mutukula, mpakani, ofisa wa Uganda aliipindua pindua pasi yangu.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kumchukua mama yangu mdogo."

"Ameolewa kwetu?"

"Hapana, afande. Anafundisha madaktari."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Kuolewa ingekuwa rahisi. Mume mtu anaweza kumkimbia." Akagonga muhuri.

Mchana, sasa nikiwa ndani ya basi, tulipita Masaka. Niliona kuta zilizoachwa na vita, zimesimama bila paa, madirisha yaliyobaki matundu, na mti ulioota ndani ya kilichokuwa chumba cha mtu. Chini ya kuta hizo hizo wanawake walikuwa wamepanga mananasi, na harufu yake ilituingia basini kabla hatujasimama. Sijui kama ni haki kufurahi mahali pa namna ile. Lakini nanasi lilikuwa tamu, na muuzaji, alipoona juisi ikinitiririka hadi kwenye kiwiko, alinicheka kwa moyo wote.

Kampala ilitokea jioni, kilima baada ya kilima, kila kimoja kimevaa jengo lake kama kofia. Mama mdogo alinipokea kituoni. Alikuwa amenenepa kidogo, amekata nywele fupi, na mkono wake ulionishika ulikuwa ule ule wa kunivusha barabara nikiwa mtoto. Alikaa Wandegeya, karibu na chuo, vyumba viwili juu ya duka la uchapaji. Mashine za chini zilichapa kazi za wanafunzi kutwa, na vikombe kabatini vilicheza ngoma kwa kufuata mapigo yake.

Mlangoni alisimama mwanamke mrefu wa umri wa miaka thelathini hivi, mwiko mkononi. "Kulika!" alisema.

"Jibu 'awo'," mama mdogo alininong'oneza. "Anakupa pole na hongera ya safari."

"Awo," nikajibu, na kwa neno hilo moja nikawa mwenyeji.

Huyo alikuwa Daktari Nansubuga, mzaliwa wa Makindye, mwanafunzi wa kwanza wa mama mdogo na sasa msaidizi wake. Alikuwa ametupikia matoke na mchuzi wa karanga, na hakula mpaka nilipoongeza mara ya pili. Nilipoona sote tumeshiba, nikatoa ujumbe wa nyumbani.

Mama mdogo hakubisha. "Nitarudi," alisema, "siku huyu atakapofundisha darasa zima bila kunitazama."

"Musawo," Nansubuga akajibu, kwani huko daktari huitwa hivyo, "mimi nakutazama kwa heshima."

"Hiyo heshima yako itanizeesha hapa! Anajua kila kitu, mwanangu. Anasoma picha kunishinda. Lakini akimaliza kila sentensi ananigeukia nimtikisie kichwa. Wanafunzi wanaona. Nikiondoka leo, kesho atamgeukia nani? Darasa litakufa, na kilichonileta huku kitakufa nalo."

Nansubuga alikuwa akikusanya sahani. Nilimwona akimtupia mama mdogo jicho, kuona kama ni kweli.

Asubuhi nilikwenda nao hospitali. Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye mapazia mazito, na mbele yake sanduku la taa ambalo filamu hutundikwa juu yake. Mapazia yalipofungwa, mwanga wa sanduku ulibaki peke yake, na mbavu za mtu nisiyemjua zikaelea gizani.

Hapo ndipo nilipoielewa kaseti. Kazi yote ya udaktari huko hufanywa kwa Kiingereza, lakini saa ya kwanza mama mdogo aliifundisha kwa Kiswahili, makusudi kabisa, kwa sababu wanafunzi wake hawakukijua vizuri. Katika Kiingereza walikuwa na majina ya maradhi yote, na waliyarusha kabla hawajatazama. Katika Kiswahili hawakuwa nayo. Iliwabidi watazame, kisha wasimulie.

"Naona kivuli," alisema kijana mmoja.

"Kikoje?"

"Iko mviringo. Mupaka yake iko safi. Iko kama... chapati."

"Ya wapi? Zile nyembamba za hapa Wandegeya?"

"Hapana, Musawo. Ile nene ya mama yangu."

Walicheka, lakini mama mdogo hakuwaacha mpaka kila mmoja akasema chapati ile imekaa wapi, imegusa nini, imesukuma nini. "Sema unachokiona," aliwaambia. "Unachokijua kitakuja chenyewe."

Mchana, tukivuka soko la Wandegeya kutafuta chakula, nilimuuliza Nansubuga kama Kiswahili hakikumsumbua mwanzoni.

"Kusumbua? Nilikiogopa!" alisema. "Sisi Makindye tuko karibu na kambi ya jeshi. Zamani zile, Kiswahili ikisikika nje ya nyumba, maama alikuwa anazima taa tunalala chini. Ilikuwa lugha ya bunduki. Sasa Musawo anaingia siku ya kwanza, anasema, 'Karibuni, tuzimeni taa.' Bannange! Nilitafuta dirisha." Akacheka hadi akashika bega langu. Kisha akasema polepole, "Lakini alizima taa ili tuone. Hiyo sikuijua, kwamba inawezekana."

Siku zangu Kampala zilipita kwa raha nisiyoitarajia. Nilitembea Kamwokya, ambako kila duka lina muziki wake na hakuna anayekubali kupunguza sauti. Niliangalia ndege wakubwa wenye upara waliosimama juu ya mapaa kama mahakimu wenye njaa. Lakini nilikuwa na kazi niliyotumwa, na kila asubuhi nilikaa nyuma ya darasa nikimwangalia Nansubuga akianza vizuri, akipanda, akipanda, kisha akigeuza shingo.

Ijumaa aliomba kuleta picha aliyoichagua mwenyewe. Mama mdogo alikaa nyuma pamoja nami. Nansubuga alitundika filamu ya kifua na kusimama pembeni.

"Mnaona nini?"

Darasa likalipuka. "Umegeuza! Umeiweka nyuma mbele!"

Hata mimi niliona: kivuli cha moyo kilikuwa upande usio wake. Filamu ni plastiki tu, unaweza kuitundika kwa uso wowote, na ile alama ndogo ya kuonyesha upande ilikuwa imesahauliwa. Kosa hilo hutokea kila wiki, na mkono wa mtu wa kazi ile hulirekebisha kabla kichwa hakijaamka. Ndivyo ilivyokuwa. Mama mdogo aliinuka, akaenda mbele, akaichomoa filamu, akaigeuza, akaitundika tena. Moyo ukarudi kushoto. Alikuwa nusu njia kurudi kwenye kiti aliposikia:

"Musawo, naomba urudishe."

Mama mdogo akageuka.

"Ulikuwa unaona nini?" Nansubuga aliuliza.

"Moyo uko kulia."

"Sasa kwa nini uligeuza?"

"Kwa sababu moyo unakaa kushoto."

"Hicho ndicho unachokijua, Musawo. Mimi niliuliza unachokiona."

Akafungua mlango na kumwita mtu aliyekuwa anangoja nje, muuza mkaa wa Kamwokya aitwaye Kaggwa, aliyekuja hospitali na kikohozi cha kawaida. Nansubuga ndiye aliyempima, na alipoweka kiganja kifuani pake upande wa kushoto, hakusikia kitu. Alipohamisha kulia, moyo ulimpiga mkononi. Kaggwa alizaliwa hivyo, mzima kabisa, kila kitu ndani yake kimepangwa kama kwenye kioo.

Wanafunzi walipanga foleni kumgusa. "Mikono baridi, nyinyi!" Kaggwa alilalamika. "Bibi yangu akisikia moyo yangu iko upande ingine, atasema ndiyo sababu nasahau kumletea sukari."

Mama mdogo aligusa wa mwisho. Aliacha kiganja chake pale kwa muda, uso wake ukifunguka taratibu, kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. "Nimefundisha miaka yote hii," alisema, "na leo nimepigwa na somo langu mwenyewe!" Darasa lilipiga makofi hadi mlinzi akachungulia.

Lakini nilikuwa nimemwona Nansubuga. Katikati ya makofi yale, ushindi ukiwa wake wote, aligeuza shingo kumtafuta mama mdogo, amtikisie kichwa.

Jioni hiyo mama mdogo aliteremsha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Lakini bado alikutazama," nilisema.

"Najua. Na atanitazama maadamu nipo pa kutazamwa." Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilidhani nakaa ili awe tayari. Kumbe nikikaa ndiyo hawi."

Jumapili walimuaga, Makindye, kwa kina Nansubuga. Mama yake, yule aliyekuwa akizima taa, alimvika mama mdogo gomesi la rangi ya chungwa lenye mabega yaliyosimama, akamfunga mshipi mwenyewe, na kwa Kiswahili chake kidogo akamwambia, "Wewe naenda, lakini wewe nabaki." Tulicheza mpaka kuku wakakata tamaa ya kulala. Kila mtu alilia kidogo na kula sana.

Nilikuwa nimekuja nikidhani kwamba kumrudisha mtu ni kumshika mkono na kumvuta. Nilijifunza kwamba mama mdogo hakuwa amepotea wala hakutusahau. Alikuwa ameshika kitu ambacho kisingeweza kuwekwa chini, kingeweza tu kupokelewa na mkono mwingine, na mkono huo ulihitaji kuhisi uzito wake wote. Safari yangu ilikuwa ndefu kwa sababu hiyo tu. Na Mwanza, huko tulikokuwa tunakwenda, palikuwa na vijana ambao bado hawakujua kwamba wangecheka gizani.

Jumatatu, basi letu lilikuwa la kabla ya adhuhuri. Tulipita hospitali na mizigo yetu kwa sababu mama mdogo alitaka kukaa darasani dakika chache. Nilibaki kwenye ukumbi na sanduku, kikapu cha karanga na lile gomesi ndani ya karatasi. Ndani nilimsikia Nansubuga akiuliza, wanafunzi wakijibu, mtu akisema kitu kuhusu ukungu na mtu mwingine akimbishia.

Kisha mlango ukafunguka na mama mdogo akatoka kwa vidole vya miguu, viatu mkononi. Alisimama kizingitini, nusu nje, nusu ndani, akisikiliza. Mwanga wa ukumbi uliingia nyuma yake ukaanguka hadi kwenye sanduku la taa, ukaifuta picha. Nilimwona Nansubuga mbele ya darasa, mgongo kwetu, kidole juu ya filamu. Nilingoja ageuze shingo.

"Mlango, tafadhali," alisema, bila kugeuka. "Hatuoni."

Mama mdogo akauvuta taratibu kwa mikono yote miwili, mpaka kitasa kikalia.