Viti Sita vya Naguru

Mwaka wangu wa tatu Kampala nilikuwa fundi wa miguu ya bandia katika karakana ndogo pale Kisugu. Ufundi huo nilitoka nao Kongo, na nilijivunia, kwa sababu mtu aliingia kwetu kwa magongo akatoka anatembea. Bosi wetu hakujua hata kushika tupa. Alijua kushika funguo za stoo tu.

Mwezi ule nilikuwa na mguu mmoja wa haraka. Ulikuwa wa mwalimu aliyekanyaga bomu la ardhini kwao kaskazini. Shule moja ilikubali kumwajiri, mradi siku ya kufungua muhula aweze kusimama mbele ya darasa. Ikishindikana, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Nilikuwa nimempima kigutu na kuchonga mbao, imebaki kazi ya ngozi: kifuko cha kuingiza kigutu na mikanda yake.

Hapo ndipo bosi alipokuja na mchoro wa viti. Alikuwa amehamia nyumba mpya Naguru, na mkewe alitaka viti sita vya mezani, vyenye sehemu ya kukalia ya ngozi. Nikamweleza habari ya mwalimu na siku zilizobaki. Alinisikiliza huku akiniangalia viatu.

"Mguu itangoja," akasema. "Wageni yangu hawawezi ngoja. Wewe ni fundi wangu ama hapana?"

Mwenye nguvu mpishe, nikajiambia, nami nilikuwa mkimbizi mwenye watoto wanne. Lakini nilikasirika. Ngozi iliyobaki stoo wafadhili waliitoa kwa ajili ya watu waliokatika miguu, si kwa ajili ya makalio ya wageni wa mtu. Nilimtukana kimoyomoyo kwa lugha ya mama yangu, tusi moja kwa kila msumari. Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kazi yenyewe niliifanya vizuri. Nilivipiga msasa vile viti mpaka vikateleza, maana sikuwahi kujifunza kulipua kazi. Bosi akavipakia kwenye gari la karakana, akavipeleka kwake.

Ijumaa kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu akaja. Alikuwa amenunua viatu vipya, jozi nzima, akavitoa kwenye gazeti anionyeshe. Bosi alikuwa ametuagiza tuseme ngozi imekwama mpakani. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikashindwa. Nikamwambia kwamba ngozi yake iko Naguru, kwenye viti vya bosi, na nyingine hakuna.

Hakulia. Aliweka magongo mapajani, akavifunga tena viatu kwenye gazeti, kisha akauliza polepole, "Hiyo viti, nani alitengeneza?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote. Wenzangu wakainamia meza zao.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema.